Mstari wa Mtaro

Mtu akiingia kwangu hapa Kitendaguro, kabla hajaniambia kilichomleta, nampa akamwani. Ni zile buni zilizochemshwa na majani ya kunukia zikakaushwa, za kutafuna, si za kunywa. Unachukua moja mwenyewe, unaitafuna mbele ya mgeni ili ajue hakuna sumu, ndipo unamnyooshea kikapu. Mgeni anapokea. Hata kama hapendi, anapokea na kuitia mfukoni. Kwetu Wahaya anayekataa ana jambo na nyumba yako, na jambo lenyewe si la heri.

Sasa yule kijana wa manispaa, Ayubu, alikataa.

Alikuja asubuhi, mwezi wa kumi na moja, na kamba yake ya kupimia, kopo la rangi nyekundu na daftari lenye jalada gumu. Shikamoo alinipa, siwezi kusema hana adabu. Nikaitikia, nikaingia ndani, nikatoka na kikapu, nikatafuna yangu, nikamnyooshea. Akarudisha mikono nyuma.

"Samahani mama, sipokei."

"Hupokei?"

"Niko kazini, mama. Naomba tu nipite nyuma ya nyumba."

Nikafikiri labda amefunga, lakini Ramadhani ilikuwa mbali. Nikafikiri labda ni mgeni, hajui. Thubutu! Huyo ni mtoto wa Hamugembe, amezaliwa na kukulia hapa hapa Bukoba, akamwani anaijua kuliko jina la baba yake. Machale yakanicheza pale pale.

Akapita nyuma, mimi huyo nyuma yake. Nyuma ya nyumba ndiko kwenye migomba na mibuni, na katikati ya migomba ndiko alikolala mume wangu, Rutaihwa, mwaka wa sita sasa. Kibanja hicho, shamba letu la nyumbani, ndicho alichoniachia. Sina kingine. Binti yangu yuko Mwanza na maisha yake, mimi niko na migomba yangu na kaburi langu, basi. Kijana akafika penye kaburi, akasimama. Akahesabu hatua kutoka kwenye njia ya watu hadi kaburini. Akarudi, akahesabu tena. Akaandika. Nilipochungulia akafunga daftari. Halafu akaenda kwenye mramula, ule mti mwembamba tunaoupanda mipakani na makaburini, akaupulizia rangi nyekundu. Mramula nilioupanda kwa mikono yangu siku ya arobaini!

"Hiyo rangi ya nini?" nikamuuliza.

"Alama tu, mama. Mtaelezwa kwenye mkutano."

Akaondoka.

Ngoja niwaeleze huo mkutano ulikuwa wa nini. Zamani vipaumbele vya bajeti vilikuwa vinatushukia kutoka juu vimeshachapwa. Mwenyekiti wa mtaa anatusomea, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani. Mwaka huo wakasema utaratibu umebadilika. Kila mtaa uchague kitu kimoja tu kwa mwaka ujao, wananchi wapange mistari hadharani, na mstari mrefu ndio unaoingia kwenye bajeti. Ukishaingia, hata diwani hawezi kuuchomoa. Mtaa wetu tukaambiwa tuchague kati ya viwili: barabara ya kwenda zahanati, inayopita kandokando ya kibanja changu, au mtaro wa maji ya mvua kule bondeni.

Watu walifurahi, eti sasa sauti ni yetu. Mimi nimekula chumvi nyingi. Mtu amekuamulia miaka yote, leo anakuja na tabasamu kukuuliza wewe unataka nini? Hapo kuna kitu. Na mwenyekiti wetu, Ta Ildefons, yaani Bwana Ildefons, alikuwa ameshanunua kiwanja jirani na zahanati, hata miaka miwili haijaisha. Kila akisema neno "barabara" sauti yake inakuwa tamu. Nikajumlisha mwenyewe.

Jioni ile nikampigia kaka yangu Byarugaba, yuko Kamachumu kule Muleba. Huko barabara ilishapita kwake. Nikamweleza habari ya kijana na daftari lake.

"Alipokea akamwani?" akaniuliza.

"Alikataa."

Kaka akavuta pumzi. "Bena, hata aliyekuja kwangu alikataa. Miezi mitatu baadaye nikakuta kigingi katikati ya mibuni ya baba."

"Fidia si ulipata?"

"Nilipata. Mibuni ya baba nitaipata wapi?"

Basi, nilikuwa nahitaji kusikia nini tena? Usingizi wa siku ile sitaki kuusimulia. Niliona tingatinga linapita juu ya Rutaihwa na Ta Ildefons kasimama pembeni anapiga makofi.

Kulipokucha nikashuka bondeni kwa Salma. Salma ni rafiki yangu wa miaka ishirini na zaidi. Babu yake alikuja na biashara kutoka Pangani, akaoa hapa, akabaki. Ana nyumba ndogo ya vyumba vitatu, na mbele yake banda anapokaangia maandazi na sambusa. Chumba cha mbele analala mama yake, Bi Mwamvita, mwenye presha na mguu unaovimba. Rutaihwa alipofariki, Salma ndiye aliyesimama jikoni kwangu siku nne akipikia waombolezaji, na hakutaka hata asante. Watu walikuwa wanatuuliza kama ni ndugu.

"Salma," nikamwambia, "hii barabara ni changa la macho."

Akageuza maandazi kwenye karai, hakuniangalia. "Bena, mimi naitaka hiyo barabara. Juzi bodaboda imeteleza na mama pale kwenye kona ya matope, nusura wabiringike wote wawili. Kila mwezi lazima nimpeleke zahanati. Nitambeba mgongoni mpaka lini?"

"Naelewa. Lakini inapita juu ya Rutaihwa."

Hapo mwiko ukasimama mkononi mwake. "Una uhakika?"

"Nimeiona ramani kwa macho yangu."

Sikuiona. Nilichoona ni jalada la daftari. Lakini moyoni nilishaiona hiyo ramani mara elfu, na sikuhisi kama nasema uongo. Ndivyo nilivyojiambia.

Salma akarudi kugeuza maandazi, akasema, "Basi nitasimama na wewe. Mama tutambeba."

"Mtaro hauna shida," nikamwambia. "Mtaro hauli kibanja cha mtu. Utapita kwenye ule mfereji wa zamani nyuma ya nyumba yako, na maji hayatakuingilia tena jikoni. Wewe ndiye utakayefaidika."

Nikazunguka mtaa mzima wiki ile. Nyumba kwa nyumba, sikuacha. Kwa kila mtu nilisema nimeiona ramani, na kila niliposema ilizidi kuwa na mistari na rangi. Mpaka nikaanza kuwaeleza ukubwa wa kiwanja cha mwenyekiti kwenye hiyo ramani. Mdomo huu!

Siku ya mkutano tulijaa uwanja wa shule. Ta Ildefons akasimama na karatasi zake, akaeleza utaratibu mpya, akaeleza barabara kwa dakika ishirini na mtaro kwa dakika mbili. Nikanyoosha mkono.

"Ta Ildefons, waitu, tafadhali, naomba kuuliza. Kile kiwanja chako pale zahanati kina hatua ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akapangusa uso. "Ma Bena, hayo hayahusiani na ajenda."

"Hayahusiani au hayasemeki?"

Makofi! Kinamama wakapiga vigelegele. Sikatai, nilijisikia vizuri, kama nimerudi kuwa msichana.

Yule kijana Ayubu alikuwapo, amekaa kwenye benchi la wageni. Akasimama, akaomba neno. Akasema kwa upole wake ule ule, "Wananchi, ni vizuri mjue kwamba barabara imeshapimwa, tunajua inapogusa na isipogusa. Mtaro haujapimwa bado, kwa sababu maombi ya miaka yote yalikuwa ya barabara. Ningeshauri kabla ya kupanga mistari..."

Nikaona watu wanamsikiliza. Nikaona vichwa vinatikisika. Nikaona kibanja changu kinaondoka hivi hivi, kwa upole. Nikaruka juu.

"Huyo hapo! Huyo ndiye aliyekuja kwangu nikampa akamwani akakataa!"

Watu wote wakamgeukia, hata watoto. Mtu mmoja nyuma akamaka kwa Kihaya, "Mawe! Alikataa?" Mzee mwingine akamuuliza kijana kwa Kihaya kama ni kweli. Ayubu akafungua mdomo, akasema, "Ni kweli, lakini utaratibu..." na hiyo "lakini" haikusikika. Kelele ziliimeza. Mtu amekiri mwenyewe mbele ya umati kwamba alikataa akamwani ya mjane! Ushahidi gani tena mnataka?

Mistari ikapangwa. Barabara, tisini na saba. Mtaro, mia moja thelathini na moja. Mimi nilisimama wa kwanza kwenye mstari wa mtaro, na Salma alikuwa nyuma yangu, amekuja na aproni yake yenye unga. Wengi wa bondeni walimfuata yeye, maana Salma si mtu wa maneno mengi, na watu kama hao huaminiwa. Nilirudi nyumbani, nikaenda moja kwa moja kaburini, nikamwambia Rutaihwa alale salama.

Bajeti ikapita kama walivyoahidi. Nasema kweli, hapo nilishangaa, maana nilitegemea watachakachua. Mwezi wa nane mwaka uliofuata, nikiwa napalilia, nikawaona Ayubu na mwenzake wanapita njiani na vigingi begani. Moyo ukanipasuka paa! Wakapita kibanja changu bila hata kugeuza shingo. Wakashuka bondeni. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikajiuliza, mbona vigingi ni vingi hivyo? Nikatupa jembe, nikawafuata.

Nilipofika, kigingi cha kwanza kilikuwa kimepigwa katikati ya banda la maandazi. Cha pili kwenye kona ya nyumba. Salma hakuwepo, alikuwa amempeleka mama yake zahanati. Ayubu alikuwa anatikisa kopo la rangi mbele ya ukuta wa chumba cha Bi Mwamvita.

"Wee! Unafanya nini hapo?" nikapiga kelele. "Mtaro unapita nyuma! Mfereji uko nyuma!"

"Shikamoo mama. Nyuma kuna mwamba na bomba kuu la maji. Hapafai." Akaonyesha kwa mkono kutoka kilimani hadi bondeni. "Mteremko unaleta maji hapa. Mtaro na kingo zake ni mita nne. Unachukua banda na chumba cha mbele."

"Hamwezi kuukunja?"

"Barabara inakunjika, mama. Maji hayakunjiki hivyo."

Nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza miezi tisa nyuma kama ningekuwa na akili timamu. Nikamuuliza barabara ile ingepita wapi.

Akafungua daftari lile lile. Hakunificha chochote. Nikaona nyumba yangu imechorwa, na njia, na mstari unaokuja hadi karibu na migomba halafu unajipinda kwenda upande wa pili. Ndani ya kona hiyo kulikuwa na kisanduku kidogo, kimeandikwa kwa mwandiko mzuri: kaburi, lisiguswe.

"Ile rangi kwenye mramula..."

"Ilikuwa alama ya mwisho, mama. Barabara isivuke pale. Ndiyo maana nilihesabu mara mbili."

"Na akamwani? Kwa nini ulikataa akamwani yangu?"

Akainamisha kichwa. "Kwenye utaratibu mpya, tunaopima tumekatazwa kupokea kitu chochote kutoka kwa mwananchi. Hata maji ya kunywa. Ili msiseme tumehongwa. Tangazo lilibandikwa ofisi ya mtaa, nikadhani mmelisoma. Mama yangu alinigombeza sana nilipomwambia nimekataa kwako."

Tangazo! Nani anasoma matangazo ya ofisi ya mtaa? Niliyasoma siku hiyo, nikapanda mbio hadi ofisini. Lilikuwepo, limefifia kwa jua, mstari wa nne kutoka juu. Nikamkuta Ta Ildefons, nikamwambia tuitishe mkutano, tupange mistari upya, mimi mwenyewe nitasimama kwenye barabara.

"Haichomoki, Ma Bena," akasema. "Si mlisema mnataka sauti?" Huyu hadi leo simwamini, na kile kiwanja chake bado kinanipa maswali, lakini siku ile alikuwa amesema kweli. Akaongeza kwamba fidia ya Salma ipo, ila ni ya banda na chumba kimoja tu. Ardhi ya kujenga mahali pengine atajitafutia mwenyewe.

Jioni nikashuka kwa Salma. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, anaangalia ule msalaba mwekundu wa kubomolewa uliochorwa kwenye ukuta wa chumba cha mama yake. Ayubu alikuwa ameshamweleza yote. Ya barabara, ya kona, ya kisanduku.

"Salma," nikasema, "nisamehe. Nilikuwa naogopa."

"Ulisema umeiona ramani."

"Nilisema."

"Nilikuuliza kama una uhakika. Hapa hapa, nikiwa nimeshika mwiko. Ukasema umeiona kwa macho yako." Hakupandisha sauti, na laiti angepandisha. "Wewe ulikuwa unalinda aliyekufa, Bena. Mimi nina mama yuko hai. Nitamlaza wapi?"

Ndani Bi Mwamvita alikuwa anauliza ni nani aliyekuja. Salma akamjibu, "Ni Bena, mama," na bibi wa watu akafurahi, akasema nikaribishwe chai.

Salma akanigeukia. "Nipe kipande cha kibanja. Hatua kumi na tano kwa kumi, pale juu karibu na njia. Nijenge chumba na banda."

Nilinyamaza. Mungu anisamehe, nilinyamaza. Niliona migomba minane ingekatwa. Nilisikia ukoo wa Rutaihwa wanasema mjane ameanza kugawa ardhi ya ndugu yao kwa watu wa nje. Mdomo wangu huu, usiokaa kimya kwenye mikutano, ulikosa neno moja la herufi tano. Na Salma alikuwa ananiangalia usoni muda wote huo. Kisha akainuka, akaingia ndani kumpa mama yake dawa, na hakutoka.

Siku mbili sikula. Siku ya tatu nikamwita shemeji yangu, mkubwa wa ukoo, nikamweleza kila kitu, pamoja na uongo wangu. Alinuna, akanitukana kwa Kihaya cha zamani, matusi ambayo sikuwa nimeyasikia tangu nilipoolewa. Halafu akasema nifanye ninavyoona. Nikachukua panga, nikaikata ile migomba minane mwenyewe, nikapima hatua kumi na tano kwa kumi, nikaongeza mbili juu yake. Mikono ilinivimba. Nikashuka kumwita Salma.

Alikuja na kanga yake begani. Akatembea kwenye kipande chote, akakanyaga udongo, akaangalia umbali wa njia. Nilisimama pembeni nikisubiri anikumbatie, maana ndivyo tulivyo, tunagombana, tunakumbatiana, yanaisha.

"Ni pazuri," akasema. "Twende tukaandikishane."

"Kuandikishana?" Nilicheka kidogo. "Ala, Salma! Mimi na wewe? Si nimeshakupa? Si unaniona nimekata migomba kwa mikono yangu?"

"Nakuona."

"Sasa karatasi ya nini? Neno langu..."

Nikaishia hapo. Salma alirekebisha kanga begani, akasubiri nimalize sentensi.

Tukaenda ofisi ya mtaa, kwa mtendaji, dada mmoja anaitwa Judica, mwandiko wake mzuri na hana haraka. Salma alikuwa ameshaleta mashahidi wawili wa kwake. Judica akaandika, akatusomea. Salma akamwomba asome tena pale penye hatua. Akasoma tena. Akamwomba aongeze kwamba mimi sitarudi kudai kipande hicho, wala binti yangu, wala ukoo. Judica akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa, akaongeza. Salma akaishika karatasi, akaisoma mwenyewe kimoyomoyo, kidole kikitembea chini ya kila neno kutoka juu hadi chini.

Nikatia saini. Jina langu lote, Benadetha.

Salma akaiangalia saini yangu kwa muda, halafu akamgeukia Judica.

"Na dole gumba," akasema.

Judica akanisogezea kile kisahani cha wino. Nikachovya kidole, nikabonyeza pale alipoonyesha, na Salma akainama kuhakikisha kwamba alama imetoka.